Maji Machafu na Jirani Tusiyemwona



Mama akimaliza kuosha vyombo humwambia mtoto, "Kamwage nje." Mtoto huchukua beseni, hutoka mlangoni, humwaga, hurudi. Kwa mama yule na mtoto yule kazi imekwisha. Lakini maji hayakwisha. Huenda yakazama ardhini, huenda yakafuata mfereji mpaka korongoni, na kutoka korongoni mpaka mtoni. Na huko mtoni yupo mtu mwingine na ndoo yake. Neno "nje" ni neno la mwenye nyumba tu. Kwa mwenye ndoo, pale pale ndipo kisimani pake.

Swali tunalotaka kulitazama mwezi huu ni hili: je, Mkristo ana wajibu kwa jirani asiyemwona wala kumjua, kwa sababu tu ya maji aliyoyachafua na kuyaacha yaende zake? Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la Bwana Afya, si jambo la gazeti la Kanisa. Sisi hatukubali. Bwana Afya aweza kutuambia choo kiwe umbali gani kutoka kisimani. Lakini kwa nini tumjali mtu anywaye katika kisima hicho, hilo halimo katika vitabu vyake.

Kwetu hapa Mbangala swali hili lina uzito kuliko mahali pengi, na sababu yake ni jiografia. Mito ya wilaya yetu, pamoja na Songwe wenyewe unaopita Galula (si ule Songwe mwingine wa mpakani na Malawi, ambao huingia Ziwa Nyasa), huteremkia Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Ziwa Viktoria hutoa mto Naili, Tanganyika hutoa Lukuga uendao Kongo, Nyasa hutoa Shire. Rukwa halitoi mto wowote. Walimu wenzetu wa zamani watakumbuka mchoro wa mzunguko wa maji tuliokuwa tukiuchora ubaoni: bahari, jua, mshale wa kupanda, wingu, mvua, mlima, mto, na bahari tena. Ni mchoro mzuri na watoto huupenda, maana chaki ya buluu hupata kazi. Lakini una upungufu mmoja. Ule mshale wa kupanda huchukua maji peke yake. Chumvi hubaki, udongo hubaki, sumu hubaki. Katika Rukwa jua ndilo mlango, nalo huchukua maji na kuacha vingine. Ndiyo maana ziwa lile lina magadi. Limewahi kupungua hata sehemu kubwa ikawa mbuga ya nyasi, kisha likajaa tena. Na katika kupungua na kujaa huko, vile vilivyoletwa na mito havikupata pa kwenda.

Basi mtu wa Mbangala hawezi kusema, kama asemavyo mtu wa pwani, kwamba bahari ni kubwa itameza. Hata huko pwani neno hilo si la kweli. Mabomba ya majitaka ya Mji Mkongwe wa Unguja yamemwaga baharini kwa miaka mingi pasipo kusafishwa, na watoto wanaojirusha majini pale ufukweni huogelea ndani ya maji hayo hayo. Lakini walau bahari ina mikondo. Sisi tuna beseni.

Maandiko hayakunyamaza juu ya jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, askari wa Israeli anaagizwa achukue chombo cha kuchimbia pamoja na silaha zake, aende nje ya kambi, achimbe, na afukie kinyesi chake. Na sababu inayotolewa si ugonjwa, bali ni kwamba Mungu anatembea kambini. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 34, akiisha kuwakemea wachungaji anawageukia kondoo wenyewe, wale wanono wenye nguvu, waliokunywa wakashiba kisha wakayavuruga kwa miguu maji yaliyobaki, wenzao wakalazimika kunywa tope. Angalieni vizuri, ndugu zetu: kondoo hao hawalaumiwi kwa kunywa. Kunywa ni haki yao. Wanalaumiwa kwa namna walivyoondoka kisimani.

Lakini mtu aweza kuuliza: na yule asiyejua kwamba amevuruga? Je, naye ana hatia? Hapo tunayo habari ya kweli, tena inayohusu Kanisa letu la Anglikana, nayo yafaa isimuliwe kwa urefu.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa wa Soho, jijini London. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao katika siku kumi za kwanza. Wakati huo karibu waganga wote waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alisema la, huletwa na maji. Akaonyesha kwamba waliokufa walikuwa wakichota maji katika pampu moja ya barabara ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa wakakubali kuondoa mpini wa pampu ile. Hayo watu wengi wameyasikia. Wasichokisikia ni habari ya Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka pale Soho, kijana asiyefika miaka thelathini. Yeye hakumwamini Snow. Aliona ni haki kumpinga, maana aliwajua watu wake na alijua kwamba wengine walikunywa maji ya pampu ile wakapona. Basi akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akirudi mara nyingi kwa wafiwa wale wale, akiuliza nani alikunywa nini na siku gani. Wanasayansi hawakuwa na nafasi ya kuingia vyumbani kwa wajane namna ile; kasisi alikuwa nayo. Kila alipouliza, majibu yalizidi kumpinga yeye mwenyewe.

Mwaka 1855 akafika kwenye chanzo. Katika nyumba namba 40 ya barabara ile, hatua chache tu kutoka kwenye pampu, mtoto mchanga wa miezi mitano aliugua kuhara siku chache kabla ya watu wengine, akafa. Mama yake alikuwa akiloweka nepi zake ndani ya ndoo na kuyamwaga maji katika shimo la majitaka mbele ya nyumba. Shimo lile lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yamelegea, na kutoka hapo hadi kisima cha pampu haikufika mita moja. Mama yule alifanya lile ambalo mama yeyote mwenye mtoto mgonjwa angelifanya. Alimwaga nje. Hatudhani kwamba kuna mtu mwenye akili njema atakayemwita muuaji, na tunamsifu Whitehead kwa kuwa alitafuta ukweli bila kumtafutia mama yule lawama.

Sasa tuweke habari ya pili kando ya hiyo. Minamata ni mji mdogo wa pwani huko Japani, wenye ghuba tulivu na wavuvi. Kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda hapo, na tangu mwaka 1932 kazi mojawapo ya kiwanda ilitumia zebaki, na maji yake machafu yalikwenda baharini. Tope la bahari likaipokea zebaki, samaki na kome wakala, watu wakala samaki. Kwanza paka walionekana wakitetemeka na kujirusha kama wenye wazimu. Kisha watu: mikono ikakosa nguvu, macho yakafifia, ulimi ukawa mzito. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alitoa taarifa ya ugonjwa huo usiojulikana. Walizaliwa na watoto wenye ulemavu mkubwa, wa mama walioonekana wazima.

Mwaka 1959 Dakta Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji ya kiwanda, na paka yule akaugua ugonjwa ule ule. Kampuni ikaambiwa, na matokeo yakafichwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo wakafungua kwa sherehe mtambo mpya wa kusafisha maji machafu, na mkuu wa kampuni mbele ya wageni akanywa bilauri ya maji yaliyosemekana kuwa yametoka katika mtambo ule. Watu wakatulia. Lakini maji yenye zebaki hayakuwa yakipitishwa katika mtambo huo wakati ule, na mtambo wenyewe haukutengenezwa kwa kazi ya kuiondoa zebaki ya namna ile. Kiwanda kiliendelea kumwaga mpaka mwaka 1968. Hosokawa alitoa ushahidi wake mahakamani mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, miezi michache kabla ya kufa, na mwaka 1973 mahakama ikawapa wagonjwa haki yao.

Mikono ya mama wa Soho na mikono ya mkubwa wa Minamata ilifanya jambo moja: ilimwaga maji. Tofauti yao ni maarifa. Tunavyoona sisi, kutokujua huondoa lawama lakini hakuondoi wajibu wa kuuliza, na siku mtu anapokwisha kuambiwa, maji yale yale aliyoyamwaga jana bila dhambi leo yanakuwa kitu kingine. Tena ile bilauri inatutisha kuliko hata zebaki yenyewe, kwa kuwa ilitumia jina la kusafisha ili kuendelea kuchafua.

Turudi nyumbani. Nchi hii ya Lupa imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na wengi wetu tunajua kazi yake. Mbale husagwa katika karasha, unga huoshwa kwa maji mengi, hutiwa zebaki ili ikamate dhahabu, kisha donge huchomwa na zebaki hutoka kama moshi. Mara nyingi kwa kila gramu moja ya dhahabu hupotea gramu moja ya zebaki au zaidi, nyingine hewani, nyingine katika maji. Moshi ule hauonekani sana wala haunuki, na ndiyo hila yake. Anayechomea jikoni huwachomea watoto wake. Marudio nayo hayatupwi, huuzwa, yakaenda kwenye matangi ya sayanaidi ili dhahabu iliyobaki ipatikane. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui: sayanaidi peke yake huvunjwa na jua na hewa baada ya muda, lakini ikikuta zebaki katika marudio huiyeyusha, na zebaki iliyokuwa imelala mchangani hupata miguu ya kutembea pamoja na maji.

Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa dunia juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la Minamata kwa ukumbusho wa watu wale. Mkataba haukumfukuza mchimbaji mdogo. Unazitaka serikali ziondoe matendo manne mabaya kuliko yote: kutia zebaki katika mbale yote badala ya kuitia katika ule mchanga mzito uliokwisha kuoshwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kupeleka kwenye sayanaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Yafaa hapa tutofautishe uchafu ufao na uchafu usiokufa, maana watu huuchanganya. Kinyesi, mkojo, maji ya jikoni, hivyo hufa. Ukiyatuliza maji yake katika bwawa, vizito hushuka chini, vijidudu hula mabaki, mimea ya kijani majini huleta hewa, na jua huua vijidudu vya magonjwa; baada ya siku kadhaa katika mabwawa mawili matatu yanayofuatana, maji hutoka si ya kunywa, lakini si ya kuua. Matete na mafunjo huweza kusaidia kazi hiyo. Kaskazini ya Mombasa liko gereza la Shimo la Tewa, lenye watu maelfu, ambalo majitaka yake yaliishia katika mkono wa bahari wa Mtwapa. Umoja wa Mataifa ulisaidia kuweka pale bwawa la changarawe lililopandwa mimea, ili maji yapite polepole kwenye mizizi kabla ya kufika baharini. Tunaipenda habari hiyo, kwa kuwa wafungwa ndio wanaohesabiwa wachafu katika macho ya watu, na huko wamewekewa kitu ambacho nyumba nyingi za watu huru hazina. Mashimo ya vyoo vyetu, yakichimbwa mbali na visima na yasipofikia maji ya chini, hufanya sehemu ya kazi hiyo hiyo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea karibu mikoa yote kilikuwa uchafu wa namna hii, ambao ungaliweza kufa kama ungalipewa shimo na muda.

Zebaki haifi. Hakuna vijidudu watakaoila ikaisha. Waliomo katika tope huigeuza iwe mbaya zaidi, ikaingia katika samaki, na samaki mla samaki huwa nayo nyingi kuliko mdogo. Dawa yake ni kutoiachia kabisa. Donge lichomwe ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea moshi, ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa mabomba ya chuma. Zebaki hurudi kikombeni na kutumika tena. Maji ya kuoshea yawe na bwawa lake, lenye sakafu isiyovuja na ukingo uliopanda juu, yazungushwe yatumike tena, yasifike korongoni.

Wako wanaosema kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani kijana abebaye mifuko duarani tangu alfajiri hakupanga mwalo ule wala hakuukata mfereji. Lakini mwalo una mwenyewe, karasha ina mwenyewe, matangi yana mwenyewe, na hao si maskini wa kutupwa. Baadhi yao tunasali nao. Wajibu hupanda pamoja na uwezo. Tena chombo cha kufungia moshi humrudishia mtu zebaki aliyoinunua kwa fedha zake, kwa hiyo mara nyingine kinachozuia si umaskini bali mazoea.

Wengine husema, tuiachie serikali. Serikali ina kazi yake, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ipo. Lakini ofisa wa bonde hawezi kulala kando ya kila bwawa. Anayelala kando yake ni mlinzi, na mwenye mwalo ndiye anayemlipa.

Sasa tuseme lile gumu. Sehemu ya sadaka inayowekwa mezani pa Bwana katika nchi hii hutokana na dhahabu. Hatusemi kwamba fedha hiyo ni haramu. Dhahabu ni kiumbe cha Mungu, na jasho la mchimbaji ni jasho la kweli. Lakini mkumbukeni mfalme Daudi katika sura ya mwisho ya Samweli wa Pili. Arauna alitaka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni za sadaka, naye Daudi akakataa, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Basi tufikiri: mtu ambaye hakujenga bwawa ameokoa fedha. Gharama ya bwawa haikupotea. Imehamia kwa mvuvi wa magege kule ziwani, kwa mke wake mwenye mimba, kwa wanunuzi wa samaki hapa hapa gulioni petu. Wao wameilipa bila kuulizwa. Kama sehemu ya fedha hiyo iliyookolewa ikija kanisani ndani ya bahasha, ni nani hasa aliyetoa sadaka? Padre hawezi kulijibu kwa kuitazama bahasha, na hatumshauri ajaribu. Anayeijua hesabu ni mtoaji.

Twaona kwamba Halmashauri ya Parishi ingefanya vema kufuata njia ya kasisi yule wa Soho, yaani kwenda kuona na kuuliza nyumba kwa nyumba, bila kushtaki. Akina mama wa Umoja wao wangeanza na wale wanaochomea majumbani, kwa sababu wao wataingia jikoni ambako wazee wa kanisa hawataingia. Wazee waende kwenye mialo ya waumini wenzao. Tena waanze na choo cha kanisa na umbali wake kutoka kisimani, ili wasije wakaulizwa.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Bwawa lililojaa mpaka ukingoni mwezi Oktoba halihitaji mvua ya siku nyingi kufurika, na ukingo huinuliwa wakati wa kiangazi, udongo ungali unashindilika. Mvua ikishanyesha ni matope tu, na jembe halisaidii. Wenye mabwawa wanajua ni mikono mingapi imebaki kati ya maji na ukingo. Wasiojua wanaweza kwenda kupima kwa fito.